Harusi ilipokimbilia banda la majani chai

Saa nane mchana, mvua inateremka hapa karibu na Litein. Watu wa huku hawashangai. Mvua ya majani chai ina saa yake, na saa yake ni hiyo hiyo ya kupiga picha.

Sally Chepchirchir amesimama kwa mlango wa kanisa, kamera ameifunga na nailoni. Bibi harusi, Edinah, aliahidiwa picha katikati ya majani chai. Sasa gauni jeupe na matope, nani atapatanisha? Edinah analia polepole, poda inateremka na machozi.

Na hii ndio harusi ya kwanza ya Sally tangu awache kazi. Miaka saba alikuwa kiwandani akichambua majani, Jumamosi anaomba ruhusa akapige picha. Meneja akachoka, akamwambia achague moja. Kiwanda kilikuwa kinampa elfu kumi na nne kwa mwezi. Harusi moja inaweza kuleta elfu ishirini, lakini kuna miezi watu hawaoani kabisa.

Baba yake, mzee Kipkoech, hakugombana. Aliosha tu gambuti za Sally, zile buti za mpira za kiwandani, akazianika, akaziweka kwa mlango wa nyumba. Sally akauliza ni za nini.

"Za kurudi," mzee akasema.

Basi Sally anaangalia mvua, akilini anaona zile gambuti. Harusi ya kwanza ikiharibika, nani atamwita tena?

Ng'ambo ya barabara kuna banda la kupimia majani. Akina mama wamekaa pale na mifuko yao, wanangoja lori, aproni za plastiki zinachuruzika. Sally anaambia maharusi wakimbie huko.

Wacha watu wacheke! Akina mama wanamwambia bwana harusi, Kipruto, apime bibi kwanza, asije akalia kwamba alipunjwa kilo. Kipruto anawajibu huyu ni majani mawili na chipukizi, chai ya daraja la kwanza, hana kasoro. Hata Edinah anacheka, na Sally anapiga picha.

Mama ya Edinah anafika mwisho, kofia imelowa. Anaenda moja kwa moja kwa mizani, anashika ile ndoano ya kutundika mifuko.

"Nilisimama hapa na mimba yako," anaambia Edinah. "Na karo yako yote ilipita kwa hii ndoano."

Edinah anaweka mkono juu ya mkono wa mama.

"Hiyo picha, sikuambia mtu ageukie kamera," Sally anasema sasa, akiwa kwao nyumbani. "Wangegeuka, ingekuwa picha tu kama zingine."

Hiyo picha ilitembea kwa simu za watu mpaka Bomet, mpaka Mulot. Siku hizi maharusi wanamwomba awapeleke pale wazazi wao walitokwa na jasho. Karibu kila Jumamosi mpaka Desemba ina mwenyewe.

"Januari bado inanitisha," anasema. "Watu wanalipa karo, hawaoi."

Ndio maana anataka kukodi chumba Litein, wazee waliooana bila picha hata moja waje wapigwe picha pamoja. Anataka kuanza na wazazi wake. Mzee bado anasema atafikiria.

Lakini juzi asubuhi Sally alitoka nje, akakuta gambuti hazipo kwa mlango. Mama yake alikuwa amezivaa, anakamua ng'ombe, mzee amemshikia ndama. Mzee akamwona anaangalia miguu ya mama.

"Zilikuwa zinakaa bure," akasema.