Mama Sindano na Matairi Laini

Wifi yangu ni mbishi. Nalisema mapema ili msije mkanilaumu baadaye. Ni fundi cherehani, ameolewa na kaka yangu, na mtaa mzima unamwita Mama Sindano kwa sababu hajawahi kutupa hata sindano iliyopinda; anainyoosha. Kwake kitu kizuri ni kinachodumu. Ndivyo anavyochagua uzi, zipu, na kaka yangu pia, namtania.

Basi mwanamke huyo, na magoti yake ya miaka arobaini na ushee, ndiye aliyetufundisha sisi wamama kuteleza kwa viatu vya matairi, vile vyenye matairi manne yaliyopangwa mstari mmoja chini ya unyayo. Kila Jumapili asubuhi tunakwenda kwenye maegesho ya soko, yakiwa matupu. Saa ile hakuna wa kuniuliza chumvi iko wapi. Naipenda kuliko ninavyoweza kueleza.

Matairi yake ya kwanza, madogo na laini, yakaisha. Akaenda kununua mengine, akayabonyeza kwa ukucha, akachagua makubwa zaidi na magumu kama jiwe. "Haya nitazikwa nayo," akaniambia, kichwa juu.

Jumapili hiyo alikwenda kasi mpaka nikamwonea wivu. Kisha akashuka mteremko wa kuelekea getini, ambako saruji ni laini kama sahani. Akainua vidole ili breki ya kisigino, kile kipande cha mpira nyuma ya kiatu, iguse chini. Haikugusa, maana matairi makubwa yalikuwa yamemnyanyua. Akauburuta mguu wa nyuma kwa ubavu, na yale matairi magumu yakateleza tu. Akapita geti, akajibwaga juu ya boneti ya gari la msimamizi wa maegesho, ambaye ndiyo kwanza anaingia kazini.

Msimamizi hakufoka. Bora angefoka. "Mama, Jumapili ijayo utashuka hapa mbele yangu," akasema. "Ukisimama kabla ya mstari wa geti, mtaendelea. Ukishindwa, nisimwone yeyote kati yenu hapa."

Nyumbani kaka akamsihi aache, umri umekwenda. "Umri haukugonga gari, mume wangu," akajibu. "Nimegonga mimi."

Nikamwambia arudi kwenye matairi madogo, yaliyo laini, yanayoshika sakafu. Hataki. Laini yanaliwa upesi, hiyo ni hasara, yeye si mjinga. Hapo nikapandwa na hasira kwelikweli. "Wifi, unataka yadumu au unataka kusimama? Maana ukipitiliza tena, si wewe tu unayefukuzwa, ni mimi pia." Akanuna, akaendelea kupinda suruali ya mteja.

Kesho yake nilimkuta sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, anafungua skrubu za viatu. Matairi madogo mapya yalikuwa kando. Nikayabonyeza, ukucha ukazama kidogo. Wiki yote alifanya mazoezi ya kusimama kwenye korido, na majirani wakanung'unika wakachoka.

Jumapili msimamizi alisimama nje ya geti, mikono kifuani. Sisi wamama tulijipanga ukutani. Wifi akashuka, na wala hakupunguza mwendo katikati ya mteremko kama nilivyomwomba. Akainua vidole, breki ikagusa. Akauburuta mguu wa nyuma, matairi yakakwaruza saruji kwa sauti iliyonitia ganzi meno. Akasimama. Kati ya kiatu chake na mstari palitosha kiganja kimoja tu.

Msimamizi akautazama mstari, kisha akamtazama yeye. "Haya. Mkimaliza mfunge geti," akasema, akaenda zake.

Wifi akaketi chini, akakipindua kiatu cha ule mguu aliouburuta. Matairi yalikuwa yamechongeka upande mmoja, na chembe nyeusi za mpira zimetapakaa sarujini. Nikangoja aomboleze. Namjua, huyu huokota hata nyuzi zilizokatika.

"Yameliwa, wifi," nikasema.

Akazifagia zile chembe kwa kiganja, akazimwaga pembeni. "Acha yaliwe," akasema, akainuka. "Panda huko juu. Sasa nataka kukuona wewe ukisimama."