Senti za Bwana wa Bonde Moja

Mzee niliyekuwa nikimtunza kule ughaibuni, Sutton Coldfield, alizaliwa Kisumu, Mhindi wa kwetu, na Kiswahili chake kilikolea viungo kuliko changu. Kila asubuhi baada ya chai alifungua trei ya sarafu zake za shaba: vitu vyembamba, vyeusi ti, vidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Zilifuliwa karne nyingi zilizopita na mabwana wadogo wa milima ya Alpi, kila mmoja na ngome yake na bonde lake. Alinisimulia kila moja kwa mapenzi, kwamba hii, ukishavuka kilima tu, haikununua hata mkate. Nilimcheka. Chifu wetu kule Machakos alikuwa na eneo kubwa kuliko hao mabwana, na hakuwahi kujitengenezea hata stempu.

Siku yake ya kuzaliwa ilipofika sikuwa na zawadi. Mimi nimelelewa na mama aliyepima tabia ya msichana kwa mng'aro wa sufuria zake. Basi mzee alipojilaza baada ya chakula cha mchana, nilichukua sarafu aliyoipenda kuliko zote, nikaisugua kwa limau na chumvi mpaka ikawaka. Nilijisifu kimoyomoyo.

Binti yake alipita kumjulia hali, akaiona mezani, akashika kichwa.

"Auntie, umefanya nini? Hizi hazioshwi, never. Huo weusi ndio value yake."

 Nilijua nimeharibu kitu alichokitafuta miaka mingi, na kazi nimeipoteza kwa mikono yangu mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshafika.

Mzee alipoamka nilimwambia kabla binti hajaanza. Nikamwekea sarafu kiganjani. "Mzee, nisamehe. Nimeiosha."

Aliinuka. Alisogea dirishani, akaigeuza, akaileta karibu kabisa na pua. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Tai," akasema. "Ako na mkia."

"Daddy, si unajua ni tai," binti akasema.

"Najua. Lakini sijamwona tangu mwaka jana."

Hapo tukaelewa. Macho yalikuwa yakimfifia na hakumwambia mtu. Hadithi zile zote za asubuhi alinisimulia kwa kukumbuka tu, trei ikiwa giza mbele yake. Binti alikwenda kumpigia simu daktari wa macho. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka, machozi yakimdondoka kwenye ndevu, akifuatisha manyoya ya tai kwa ukucha. Nilifurahi hata nikasahau kuogopa.

Kisha akaniita dirishani, akanishika kidevu na kunigeuzia kwenye mwanga. Nilikuwa nimemhudumia miezi minane.

"Cheka tena, mama," akasema.

Nikacheka.

"Kumbe una mwanya."