Nilivyomkomoa Mpiga Gitaa wa Bendi Yetu ya Roki

Admin, nifiche jina, maana wasichana wa Kismayu wakijua ni mimi mjini hapatakalika. Nina miaka ishirini na mbili, fundi wa injini za boti, na kutoka hapa hadi kisiwa cha Ngumi hakuna anayepiga ngoma kunishinda. Shule niliachia darasa la saba. Walimu nilishawachosha kwa akili.

Bendi yetu ya roki tulikuwa wanne. Wenzangu watatu wanasoma chuo kikuu, mimi nasoma plagi. Mwanzoni hakuna aliyetusikiliza, gitaa la umeme likinguruma kama jenereta bovu. Mimi ndiye niliyeleta pembe ya vugo, ile ya nyati ambayo wanawake wetu huigonga kwa kijiti harusini. Ni ya shangazi yangu ninayekaa kwake, alihama nayo kutoka kisiwa cha Chovai. Nikamkabidhi Shee faraghani, mpiga gitaa na mkubwa wa bendi, nikamwambia shangazi ametuazima; wenzetu wawili walidhani kaipata mwenyewe. Tukarekodi kwa simu. Wimbo ukawaka! Kila bajaji inaucheza, Wabajuni wenzetu walioko Ulaya wanatumiana, mpaka tukaalikwa kupiga Mombasa.

Siku ya picha ya tangazo nilivaa shati jipya. Shee akanikabidhi simu yake, akasema, "Wewe tupige, fundi. Tumeandika bendi ya wanachuo." Wakacheka wote watatu. Niliwapiga, vichwa nikavikata makusudi. Kisha nikaambiwa na safari pia ni ya wanachuo, mpiga ngoma wameshapata.

Jamani, mimi sisamehi. Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, ambaye miezi miwili anaitafuta pembe yake na kelele zetu hazisikilizi, nikamwambia nimeiona kwa Shee. Shangazi yangu hana mchezo. Alimfuata mazoezini na majirani nyuma yake, akaishika ile pembe, akamuuliza kwa Kibajuni chetu, "Mchu gani kakupa pembe yangu, wewe Shee?"

Mimi nimesimama mlangoni nasubiri raha yangu. Shee aliniangalia. Halafu akasema, "Niwie radhi, mama. Nimekosa."

Basi. Hakunitaja.

Sasa anaitwa mwizi mpaka sokoni kwa mama yake. Wale wenzake wawili wamemtoa, hawataki kusafiri na mwizi; yule mpiga ngoma mpya naye kajitoa, ndipo wamenipigia simu wananibembeleza nirudi. Habari za chuo zimeisha ghafla! Tunaondoka Alhamisi. Siku ya kwanza nilifurahi, siwadanganyi, nilicheka peke yangu karakana nzima inanitazama. Lakini jana nilipishana na Shee njiani, nikamtupia neno la kejeli, akaniitikia salamu tu akapita. Bora angenipiga.

Nikisema, safari sina na kwa shangazi sina pa kulala. Nikinyamaza, Shee ndiye ameharibikiwa jina. Nishaurini, nifanye nini? Maana shangazi hakutuazima kitu. Kasha lake nililifungua mimi, yeye akiwa anaswali alasiri.