Simba Aliyekatika Kiuno

Sarafu ikikaa kwenye kiganja chenye jasho huacha harufu kama ya damu. Harufu hiyo ikinipata, hata nikiwa dukani nasubiri chenji, hasira hunipanda. Najua ni jambo dogo. Nimeligeuza na kuligeuza kwa miaka, wala halipungui. Nisikilizeni, kisha mniambie kama nina makosa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi saa hapa Makole, na sifa yake ilikuwa moja: atabandika kioo cha kukuzia jichoni, atatazama kimya, kisha atasema, "Hii haikuanguka, mama. Imetoka kiwandani hivi." Watu waliliamini neno lake kuliko risiti.

Siku hiyo nilitumwa chumvi, nikarudishiwa sarafu ya mia mbili ya ajabu. Picha yote ilikuwa imehamia upande mmoja. Simba mmoja kati ya wale wawili wa kwenye sarafu alikatika kiuno pale ukingoni, na upande wa pili palibaki nafasi tupu, laini, kama mwezi mchanga. Nilikimbia nayo hadi kwenye meza ya Baba. Nilitaka aitazame kwa kile kioo, aniambie ilitoka hivyo kiwandani. Basi.

Hakukibandika. Wenzangu walikuwa na mchezo wa kutega sarafu juu ya reli ili treni izibonde, na tangu mtoto wa jirani apoteze mguu huko, Baba alikuwa ameapa kwamba nikionekana relini nitamtambua.

"Umetoka relini, Neema."

"Hapana, Baba. Nimepewa dukani, hivi hivi ilivyo."

Mzee mmoja wa Kondoa, aliyekuwa akisubiri saa yake, akaangua kicheko. "Fundi, watoto wa siku hizi hela wanaifanya chapati! Na uongo juu, kama mchuzi!"

Baba akaichukua sarafu, akaiweka juu ya kipande cha chuma. "Unapenda kubonda? Haya, tubonde." Aliinua nyundo, ikakaa hewani kidogo, halafu akagonga mara tatu. Nilipigishwa magoti juani mpaka yule mzee akaondoka na saa yake.

Sarafu niliiokota. Chuoni nilisomea madini na metali, na msidhani niliangukia somo hilo kwa bahati. Treni huitandaza sarafu ikawa nyembamba, herufi zikavutika na kufifia. Yangu ilikuwa na unene uleule wa zingine, na herufi zake zilikuwa kali. Ilikaa vibaya kwenye mtambo, ikapigwa chapa pembeni. Hata leo, chini ya makovu ya nyundo, ule mwezi mtupu unaonekana. Nyundo iliukuta hapo.

Mwezi uliopita nilimwamkia Baba, nikamwekea sarafu mezani pamoja na kioo chake. Maelezo nilikuwa nimeyarudia kichwani wiki nzima. Hakukigusa kioo.

"Niliona," alisema. "Nyundo ikiwa juu, niliona. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama."

Utotoni niliamini kwamba Baba hakutazama vizuri, na kwamba siku akitazama yataisha. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakusanya ushahidi wa kumpelekea mtu ambaye tayari anajua.

Alisubiri niseme kile ambacho mzazi huambiwa: yamepita, Baba. Nilichukua sarafu yangu, nikamwachia kioo chake.