Zumu Mara Sitini

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Cheka amekuwa mpiga picha, na jina lenyewe alipewa na wateja, maana habonyezi kamera kabla hajasema, "Cheka kidogo." Yeye mwenyewe si mtu wa kucheka. Na hata hicho kicheko kidogo alichokuwa nacho, shemeji yake alikimaliza chote Mzee Cheka alipomwoza binti yake wa pekee.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ni muuza mabati. Mwezi ule alinunua kamera iliyoandikwa 60X ubavuni, kwa rangi ya dhahabu.

"Shemeji, hii inavuta mara sitini! Hilo lidude lako linavuta mara ngapi?"

"Mara tatu."

Kikao cha harusi kikaangua kicheko. Mkewe akakata shauri papo hapo: siku hiyo mume wake avae suti, akae kama baba wa bibi harusi. Picha atapiga mjomba mtu.

Mzee Cheka alitaka kitu kimoja tu, picha safi ya mwanawe akitia saini cheti cha ndoa. Akaenda jikoni, akarudi na beseni na kikombe cha chai.

"Ndani ya kamera kuna sensa, kibamba cha kupokea mwanga. Inakinga mwanga kama vyombo hivi vinavyokinga mvua. Yangu ni beseni. Yako ni kikombe, unaifunika kwa ukucha wa kidole. Nje juani mvua ni kubwa, vyote vitajaa. Ukumbini ni manyunyu, kikombe kitaambulia matone. Halafu ukivuta mpaka mwisho, lenzi yako inazidi kuubana huo mwanga. Hiyo sitini ni umbali wa mwisho wa kuvuta ukigawanya kwa ule wa mwanzo, basi! Haisemi lolote kuhusu uzuri wa picha."

"Shemeji, huo wivu," alisema muuza mabati.

"Na hilo beseni urudishe, nina nguo za kuloweka," alisema mkewe.

Sikio la kufa halisikii dawa.

Ukumbi ulikuwa na taa hafifu na dirisha moja, kando ya kiti cha baba. Shemeji alijikita nyuma kabisa, mlangoni, akavuta mpaka lenzi ikachomoza. Mzee Cheka alimwashiria kwa mkono asogee mbele. Shemeji akamjibu kwa dole gumba. Akamwashiria tena, sasa kwa kidole, meno yameumana. Dole gumba tena! Hasira zikampanda mpaka masikioni.

Siku ya tatu, binti alikuja studio wakafungua picha kwenye kompyuta. Chenga tupu. Picha mia nne, na uso wa bibi harusi kama umemwagiwa mchanga.

Wakafika ile ya saini. Binti ameinama mezani, chenga. Bwana harusi, chenga. Aliyetoka safi ni mmoja tu, aliyepigwa na mwanga wa dirisha: Mzee Cheka, amekunja ndita, kidole kimenyooka kuelekea mlangoni.

Binti alicheka mpaka machozi. "Baba, cheka kidogo!" Kisha akaitazama tena.

"Kwa hiyo nilipokuwa natia saini, hukuniona?"

Mzee Cheka alipima kwa macho, pale kwenye picha, kutoka kiti chake hadi meza. Alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwa binti.