Upande wa Machweo

Siku ile tulikuwa saba: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata kuzaliwa, wafanyakazi wanne wa ofisi moja mjini Kisii, wanawake watatu na mwanamume mmoja mwenye kamera, na dereva wao, aliyekuja na viatu vyeupe akajuta kabla hatujavuka kijito cha kwanza. Magokoro hakuwepo. Huyo ni nyanya jirani yetu, mwenye shamba ambalo njia yetu hulipita. Ilikuwa Jumamosi, naye ni Msabato. Alikuwa kanisani.

Wageni wengi wanaofika Gesima hupiga picha kwenye majani chai wakarudi. Mimi na mdogo wangu huwapeleka mbele zaidi: bondeni kwenye nduma, ambako korongo wenye taji hutembea wawili wawili, kisha juu hadi kipande cha msitu kilichobaki chini ya mwamba. Huko kuna ndege wa zambarau ambaye huoni wekundu wa mabawa yake mpaka aruke. Kazi hii sikuisomea. Niliacha shule kidato cha pili, mwaka ambao wazazi wetu walifuatana kaburini, nikabaki na wadogo watatu. Majina ya miti nilifundishwa na magokoro tukitafuta kuni.

Katika shamba lake ulisimama omoiri. Ni mti mrefu, gome lake jeusi limepasukapasuka, na jani lake ukilifikicha linatoa harufu kali yenye utamu kidogo. Usiku au mchana, wadogo zangu walipougua tumbo, magokoro alikuja na gome lake ndani ya leso. Hakuwahi kutuuliza tutamlipa nini.

Alilikata kwa utaratibu. Kipande cha upana wa kiganja, upande wa mawio tu, kisha alipaka jeraha udongo na mavi ya ng'ombe na kungoja lipone. Katika kilima chetu, mti wenye jeraha upande mmoja una mwenyewe, hata mwizi huuacha. Ukionekana umekatwa pande mbili, watu husema mwenyewe ameuachilia, na kila mmoja huja na panga lake.

Nilipoanza kuwaleta wageni, alinipa ruhusa ya kupita shambani kwake kwa sharti moja.

"Wapitishe mtoni. Omoiri si wa kuonyeshwa."

Nikakubali.

Jumamosi ile mmoja wa wale wanawake alinitazama sana tangu tuanze kupanda. Tulipopumzika akapiga makofi.

"Ni wewe! Jamani, huyu tuliketi dawati moja! Nilikuwa nanakili daftari lake la bayolojia mpaka na makosa yake."

"Makosa yalikuwa yako," nikamwambia, nao wakacheka.

"Ulipotelea wapi, dada?" Kisha akawageukia wenzake na kushusha sauti, kana kwamba nilikuwa nimelala. "Huyu ndiye alikuwa kichwa cha darasa. Leo angekuwa daktari. Maisha, jameni."

Yule wa kamera akatikisa kichwa kwa huruma. Dereva akaacha kufuta viatu vyake, akaangalia chini.

Nimevumilia mengi bila kulalamika. Huruma ile ilinishinda. Nilisimama nikawaambia wanifuate, nitawaonyesha dawa ambayo daktari wao haijui. Mdogo wangu alinishika mkono, akasema kwa Ekegusii ili si wote waelewe:

"Huko hatuendi. Tulimwahidi."

"Nyamaza. Mimi ndiye mkubwa."

Chini ya omoiri nilizungumza kama mwalimu. Wakataka kunusa gome. Jeraha la magokoro la mwaka ule lilikuwa linaanza kufunga, na sikutaka kulifungua tena, asije akagundua. Basi nikazunguka nyuma, nikakata gome upande wa machweo. Kipande kikubwa, maana pua zilikuwa nyingi.

"Hii inaponya na viatu?" dereva akauliza.

Tulicheka wote isipokuwa mdogo wangu. Yule wa dawati langu akasema, "Kumbe umesoma kutushinda." Niliyameza maneno hayo kama sukari. Udongo sikupaka, tuliondoka tukizungumza.

Wiki ya tatu tulisikia magokoro akipiga kelele. Omoiri ulikuwa umevuliwa gome pande zote, kutoka mizizini hadi urefu ambao mtu akipanda begani mwa mwenzake anafika. Shina lilikuwa jekundu na lenye maji, kama nyama. Alikuwa ameketi chini na kitambaa cha kichwa mkononi.

"Waliokuja na mapanga nawajua, ni wachuuzi," akasema. "Lakini wao hawaanzi. Nani aliwafungulia upande wa machweo?"

Mdogo wangu alinitazama. Alinisubiri.

"Sijui, magokoro," nikasema.

Akanishika goti ili asimame. "Wewe najua si wewe," akasema. "Wewe huwapitisha mtoni."

Mti ulikauka ukiwa umesimama. Kabla haujaisha, magokoro aliokota mbegu chini yake, akanipa mimi nizipande, kwa kuwa, alisema, mimi ndiye mwenye moyo wa kulea. Miche tisa imeota. Naimwagilia kila asubuhi kabla ya kuchuma chai, na kila mgeni nampitisha mtoni, hata akiomba vipi. Mdogo wangu hajanitaja kwa yeyote. Huwa ananiuliza tu, jioni tukiosha vyombo, "Leo?" Nami humjibu, "Kesho."

Mwezi uliopita magokoro aliugua tumbo. Binti yake aliyeolewa Mosocho alimnunulia gome sokoni. Nilikuwepo nikichemsha maji. Magokoro alilinusa gome lile muda mrefu, akaligeuza, akalinusa tena.

"Hili si la mbali," akasema, akaniletea puani. "Wewe unaonaje?"

Nikasema nina mafua.

Haya nimeyaandika kwa Kiswahili, lugha niliyoipata kwa miaka yangu ya shule, ambayo magokoro hawezi kuisoma. Nilipoanza nilidhani kuyaandika kungenipunguzia mzigo. Sasa naona nimetafuta tena upande ambao yeye haangalii. Deni lenyewe ni maneno machache tu ya Ekegusii, ya kusemwa mbele yake mchana, kabla miche haijawa mirefu kumpita. Mkubwa wa ile miche unanifika kiunoni. Asubuhi hii alikuja kuutazama, akanisifu, nami nikamshukuru.