Kitu Cheusi Kwenye Mkate wa Antoni

Mimi na Paskazia tumeuza dagaa pamoja pale soko la Mwaloni, Kirumba, miaka ishirini na mbili, kwa hiyo msinifundishe habari zake. Huyu mama ukimletea gunia la dagaa hatazami za juu. Anafungua, anazamisha mkono mpaka begani, anatoa za chini kabisa, kwa sababu walanguzi hupanga nzuri juu wakaficha mchanga chini. Na binadamu anawapima hivyo hivyo. Hata padri mgeni alipokuja parokiani, alimchunguza mwezi mzima kabla hajakubali kwenda kuungama kwake.

Aliachwa mjane kule Misungwi na mtoto mmoja tu, Antoni, akiwa darasa la pili. Akahamia mjini, akamsomesha kwa dagaa mpaka akawa injinia wa maji. Hana mwingine. Hofu yake ilikuwa moja: siku moja atakuja mwanamke amchukue yule kijana, asimrudishe.

Basi Antoni akaoa Mwingereza. Heleni, mwalimu, mrefu, mpole, shikamoo yake haikosi. Wakapanga nyumba Pasiansi, wakamchukua mama wakae naye. Paskazia akaenda na macho yake yote mawili.

"Evelina, kila Jumamosi ananivuta supamaketi," aliniambia. "Si moja, zote za mjini! Anapita rafu kwa rafu, anageuza makopo, anayasoma mgongoni. Anatafuta nini yule?"

Alikuwa anatafuta vyakula vya kwao. Lakini vyakula gani hivyo? Siku moja alipata maharage ya kopo yenye rojo la nyanya, akafurahi kama amekutana na dada yake stendi. Maharage! Mwanza hii imejaa maharage mpaka barabarani! Paskazia alitaka kucheka, akaona afadhali achunguze.

Ndipo kikaja kile kichupa. Kilikuwa kimoja tu, nyuma kabisa ya rafu, kifupi, kinene, kimejaa kitu cheusi. Heleni alipokiona alipiga kelele, akakibusu. Walipotoka hakukichanganya na vitu vingine kwenye kikapu. Alikitia kwenye mkoba wake mwenyewe. Nyumbani akakiweka nyuma ya kopo la majani ya chai. Asubuhi akakitoa, akachovya ncha ya kisu, akapaka mkate wake na wa Antoni, kidogo mno.

"Mbona hivyo? Ongeza basi," Paskazia akamtega.

"Hapana, Mama. Kikizidi si kizuri."

Kikizidi si kizuri! Jamani, chakula gani hicho? Na kweli Antoni siku hizo alikuwa amebadilika. Anaosha vyombo, anampigia mkewe nguo pasi, akiitwa mara moja ameshasimama. Paskazia akafunga kidogo kwenye karatasi, akaniletea sokoni. Nikanusa. Kilinuka chumvi na kitu kilichochacha, kikaninata kidoleni kama lami.

Nikasema kwa kinywa hiki hiki, "Mwenzangu, hiyo ni limbwata. Dawa ya kumfunga mume. Mwanao huna tena."

Ushahidi sikuwa nao hata chembe. Nilisema tu, nikaendelea kuchambua dagaa.

Jumatatu, wawili hao wakiwa kazini, Paskazia akakimwaga chote chooni, akakitupa kichupa. Jioni Heleni akafungua kabati la kwanza, akafungua la pili, akatoa masufuria yote nje. Kisha akaketi sakafuni, akalia kwa kwikwi mpaka Antoni akaja mbio.

"Mama, umekiona kichupa cha Heleni?"

Kusema uongo Paskazia hawezi, hilo nampa. "Nimekimwaga. Alikuwa anakuroga."

Antoni akashika kichwa. Akamwambia kwamba Heleni ana mimba ya miezi mitatu, na kila anachokula anatapika. Mkate na kile kitu cheusi cha hamira, alichokuwa akipewa na bibi yake utotoni akiumwa, ndicho pekee kilichokuwa kinakaa tumboni. Daktari alishawaonya kwamba amepungua mno. Na mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, wakauguza uchungu huo peke yao, kimya kimya.

"Hata mimi hamkuniambia?"

"Wewe, Mama? Ungeanza kuuliza alikula nini, alikwenda wapi." Antoni akamwinua mkewe sakafuni. "Kesho nitakurudisha Misungwi."

Neno hilo ndilo aliloliogopa Paskazia miaka yote, na hakuna mwanamke aliyemlazimisha Antoni kulisema. Alilisema mwenyewe.

Paskazia alifunga nguo zake kwenye kitenge. Asubuhi, kabla ya safari, akapika uji mwembamba wa mtama, akaukamulia ndimu, kama alivyokunywa yeye zamani tumbo lake lilipokuwa linakataa kila kitu. Akampelekea Heleni kitandani. Heleni akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akatazama ndani. Akanusa. Hakunywa.

"Umeweka nini, Mama?"

Mh! Aliniambia maneno yale yalimchoma kuliko ya mwanawe. Lakini kwetu, mtu akikishuku chakula chako hununi. Unaonja kwanza mbele yake, aone hakina sumu. Akakichukua kikombe, akapiga mafunda mawili, akameza, akasimama pale pale. Heleni akamtazama muda mrefu, kisha akanywa. Uji ukakaa.

"Asiende," Heleni akamwambia mumewe.

Sasa mimba ina miezi saba. Kichupa kama kile hakijapatikana tena mjini. Kila asubuhi Paskazia anapeleka uji, Heleni anapokea kikombe, anamrudishia kwa jicho la kuuliza, Paskazia anaonja, ndipo mkwe wake anakunywa. Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mwenzangu, miezi minne! Huoni aibu kuonjeshwa kila siku nyumbani kwa mwanao? Mwambie imetosha."

Alikuwa ameinamia gunia. Akanyanyuka.

"Mimi nilimwaga chakula chake bila hata kumuuliza, Evelina," akasema. "Yeye angalau ananiuliza."